Mpunga wa Ozi

Gunia lilifika Alhamisi, limeshonwa kwa uzi wa nyavu,
na ndani kikaratasi cha mjomba Shali:
*Huu ndio wa kwanza. Wa pili wamekula viboko.*

Mpunga mpya unanuka tope, unanuka mvua iliyosahau kuondoka.
Nimeutwanga kiwandani, mchi wa bibi ukiukataa mkono wangu,
nikapeta, makapi yakaingia kwenye nywele,
kwenye kikombe cha kahawa cha baba,
kwenye sikio la paka aliyelala juu ya mkeka wa watu.

Usiku nimeroweka. Alfajiri nimesaga.
Nazi tatu nimekuna, kifumbu kikanywa fungu lake,
tui la kwanza likatoka zito, halina haraka.
Iliki nimehesabu: punje kumi na mbili.
Bibi hakuhesabu kitu maishani mwake
ila wajukuu, na hao pia alikuwa akikosea.

Kisha hamira, ya paketi, ya dukani,
nikafunika kwa leso yake ya maua ya bluu,
nikaketi.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Rojo limelala
kama mtu aliyesusa.
Nikalisogeza juani. Nikalirudisha kivulini.
Nikalisomea nilichokijua.
Halikupanda hata upana wa ukucha.

Alitutoka Rajabu. Akaacha chuma cha mashimo saba,
kimeungua weusi wa ndani kwa ndani,
na kila mavuno yalipoingia kutoka Ozi
alikikalisha hapa, baina ya magoti,
akageuza vitumbua kwa njiti ya ufagio,
na Mkomani nzima ikajua mwaka umekuwa mzuri
kabla hajaonja mtu.
Babu akisoma maulidi ukumbini
alikuwa akila tisa, akimshukuru Mola kwa kila kimoja.

Nikasikia mlango. Si wa kwetu: wa ng'ambo ya ujia.
Bi Khuleita, ambaye hatujasemezana naye miaka kumi na moja
kwa ajili ya mlizamu uliomwagia ukuta wake maji,
amesimama darajani mwetu na buibui lake,
chupa ya chai kwapani.

"Harufu haijafika kwangu," akasema. "Nimengoja tangu asubuhi."
Nikamwonyesha bakuli. Akachovya kidole, akakitazama.
"Umetia nini?"
"Hamira."
Akacheka mpaka akashika nguzo.
"Hamira! Ndivyo alivyowaambia?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto,
akafungua chupa ya chai.
Si chai. Ni tembo,
tembo la mnazi la jana, bichi, lenye povu,
kutoka kwa mgema wa Matondoni anayepitia nyuma ya msikiti
akijifanya anauza siki.
"Kikombe kimoja," akanong'ona. "Moto unachukua haramu yake.
Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Mimi sikuuliza zaidi,
na babu yako, Mungu amrehemu, hakuuliza kabisa."

Miaka yote hiyo ya ugomvi
chupa ilikuwa ikivuka ujia kila mavuno
bila salamu, bila shukrani,
ikaenda imejaa, ikarudi imeoshwa.

Nikamimina. Sikusema bismillahi kwa sauti.

Alasiri rojo likainua leso.
Chuma kikashika moto, mafuta yakaanza kuzungumza,
vikatoka vya mviringo, kingo zikinata sukari,
ndani vina matundu madogo kama mawe ya pwani.
Shimo la tano likang'ang'ania kama kawaida yake,
nikakwangua, nikala mabaki nimesimama.

Sahani ya kwanza nimeivusha mwenyewe.
Ukuta wake bado una doa la maji, refu, la kijani.
Hatukulitaja.

Baba kaonja ukumbini, kafumba macho:
"Hivi ndivyo. Hivi hasa. Umetia nini?"

Jioni nikamwandikia mjomba Ozi:
*Umefika. Umeumuka. Mwakani wafukuze viboko.*