Gololi

Kila Alhamisi, duka la dawa la Barabara ya Kumi na Mbili likishafungwa,
Bi Mwantumu hutoa daftari chini ya makasha ya panadoli,
nasi watu tisa tunamtajia majina:
kila mtu wachezaji kumi na mmoja kutoka ligi ya mitaa,
kila mchezaji na bei yake,
na mfuko wetu ni shilingi mia sita, za kuandika tu.

Sheria kazibandika ukutani kwa plasta ya kidonda,
kwa mwandiko ule ule wa kutwa mara tatu:
goli la mshambuliaji, nne.
La kiungo, tano.
La beki, sita, maana ni mvua ya Januari.
Nyavu zisipotikisika, nne kwa kipa na mabeki.
Kadi ya njano, unakatwa moja.
Nahodha wako, zidisha mara mbili.

Nilipozisoma vizuri nikamwacha Salekwa,
mfungaji wa Makorora, mguu wa kushoto kama msumeno,
nikamchukua Kihiyo, beki mrefu wa Chumbageni,
asiyeweza danadana tatu,
ila kona ikipigwa anapanda na kichwa chake.
Walinicheka hadi Jumapili.
Jumapili Kihiyo akafunga, na nyavu zao hazikutikisika.
Nililala na alama kumi, ishirini kwa unahodha.
Tangu hapo siangalii mpira, naangalia hesabu.
Kikosi changu ndicho Tanga halisi:
waja leo, waondoka leo.

Lakini mpwa wangu Mbaruku hakuna aliyemchagua.
Kiungo mkabaji wa Mikanjuni,
bei yake shilingi ishirini, kama chumvi.
Hafungi, wala hatoi pasi ya goli.
Kazi yake ni kufika pale ambapo hatari ingetokea
ili isitokee.
Utaliandikaje jambo ambalo halikutokea?

Mimi fundi baiskeli, mimi ndiye ningepaswa kujua.
Mteja husifu rangi, husifu kengele, tandiko la ngozi.
Gololi ndani ya habu haisifiwi na mtu
hadi siku inaposagika, gurudumu likalia njia nzima.
Na bado sikumchukua.
Mjomba mtu. Nilimchukua Kihiyo.

Dada yangu akaenda dukani,
akanunua dawa ya minyoo asiyoihitaji,
akauliza huku anahesabu chenji:
"Aliyezuia, anapata ngapi?"
Bi Mwantumu akatafuna kalamu.
Alhamisi iliyofuata, plasta mpya ukutani:
mpira ulionyang'anywa, moja.

Mbaruku akawa dhahabu. Shilingi tisini.
Timu nane kati ya tisa, na yangu imo.
Watoto wakimwona njiani wanamwita Moja-Moja,
naye jina likamwingia.

Mechi na Usagara niliiona kwa macho yangu.
Anaacha njia yake, anawafuata watu hadi kwenye chokaa,
ananyang'anya,
anamwachia mtu mpira ili amnyang'anye tena.
Moja. Moja. Moja.
Nilishangilia kila mara, vidole vikikunjika kwa hesabu.
Na katikati, pale alipozoea kusimama,
pamebaki nafasi ya kupitisha mkokoteni.
Goli la kwanza likapita hapo.
La tatu likapita hapo hapo.

Mikanjuni walifungwa tatu bila.
Mbaruku alipata kumi na nne.
Alikuwa nahodha wangu.
Niliongoza daftari.

Jioni alikuja karakana akikokota baiskeli,
gurudumu la nyuma linayumba.
Nikalifungua. Gololi mbili hazimo.
Hakusema habari ya mechi, nami sikumtazama.
Nikapaka grisi, nikatia mpya
moja, moja, kwa ncha ya bisibisi,
nikakaza nati, nikalizungusha.

Likazunguka.
Tukasimama wawili, tukisikiliza
kitu kisicholia.