Hesabu ya Shubiri, Kampi ya Moto

Fomu ina safu saba. Ya kwanza tarehe,
ya pili jina la Kilatini lisilomkaa mtu mdomoni,
ya tatu idadi.
Tulianza umande haujakauka, mimi na Kibowen,
na kamba ya mita hamsini,
tukiiburuta kutoka reli hadi shamba la mkonge,
suruali zikilowa hadi magotini.

Shubiri ya nyasi haijitangazi.
Si ile ya bustani za hoteli, yenye kifua na miiba.
Hii ina majani membamba, imejifunza kujifanya nyasi
miezi na miezi,
hadi moto upite.
Hapo ndipo huinua kidole kimoja chekundu juu ya majivu
kama mtoto wa nyuma ya darasa anayejua jibu.

Siku hizi moto hauji. Utakuja kula nini?
Mahindi, ploti, mahindi,
kibao cha kuuza, kibao cha SHAMBA HILI HALIUZWI,
ploti.

Hadi saa sita tumepata tatu.
Moja imekanyagwa na ng'ombe, inatoka maji ya manjano.
Moja iko kati ya vigingi vya mpima ardhi;
rangi nyekundu ya kigingi
niliikimbilia nikidhani ni ua.
Ya tatu nzima.

Daftari la marehemu Wekhomo, miaka kumi na tisa nyuma,
mahali hapahapa, kamba hiihii:
*mia mbili na kumi na sita. Nimeacha kuhesabu. Mvua.*
Ile mvua inaniuma.

Kwa Tapkigen tuliomba maji ya kunywa.
Na mpaka wa boma lake, kutoka chooni hadi zizi la ndama,
mstari mmoja, bega kwa bega:
arobaini na moja.
Nilihesabu mara mbili, maji yakinipalia.

"Mama alizing'oa usiku," alisema,
"tuliposikia trekta inakuja asubuhi.
Alizibeba kwa karai. Safari sita, hana taa.
Sisi tunalia njaa, yeye anapanda tangaratwet."

Kibowen aligeuza fomu, akasoma kwa sauti ya karani:
*Iliyopandwa na mkono wa mtu haihesabiwi.*

Tapkigen akacheka hadi kikombe kikamwagika.
"Na mimi je? Mkunga wa Nakuru alinivuta kwa mikono miwili.
Mtanihesabu, au mtaniruka?"

Nilitazama chini.
Mamangu aliweka kipande cha shubiri dirishani
mwaka ule mdogo wangu alipokuwa tumboni.
Alijipaka kwenye chuchu, nikaonja, nikapiga ukelele,
nikageukia uji.
Hivyo ndivyo nilivyojua kunyonya kuna mwisho.
Nchi hii haikujipaka kitu.
Tumeing'ang'ania na meno tumeota,
na uchungu wenyewe ambao ungetuachisha
ndio tunaoumaliza kwanza.

Safu ya saba ni *Hali*.
Salama. Karibu na hatari. Hatarini. Hatarini mno.
Taarifa hazitoshi.
Nairobi wanataka alama moja tu, kisanduku kimoja.
Kwenye idadi nimeandika tatu.
Pembezoni, kwa penseli, arobaini na moja,
na neno *karai*,
ambalo mhariri wa takwimu atanipigia simu kuuliza.

Tulikuwa tumeshafunga kamba
aliposimama langoni, mkono kiunoni:
"Hiyo ya kwenye vigingi. Iko upande gani?"

Sikujibu upesi.
Akiileta hapa, tatu yangu ni mbili.
Ikibaki kule, Jumatatu ni sifuri na kokoto.

"Vuka reli," nilisema. "Utaona kama ua. Si ua.
Iko hatua nne kushoto kwake."

Alikuwa ameshaingia ndani.
Tulisikia bati likigonga bati,
mtu anatafuta chombo.