Tui Langu, Mchele Wenu

Saa kumi alfajiri, Buguruni kwa Mnyamani.
Mchele umelala majini tangu jana magharibi.
Nausaga. Natia tui, hamira, iliki, sukari.
Zamani ningechovya kidole, nikalamba,
nikajua kama leo tutauza au tutakula hasara.
Leo kidole nakifuta kwenye kanga.

Ni siku ya arobaini na moja
sijagusa wali, ugali, muhogo,
wala chapati, hata ile ya mwisho iliyoungua
ambayo haihesabiwi na mtu.

Aliyenipa masharti ni Sista Edigna wa zahanati,
mwanamke mkavu kama kuni ya mkaratusi.
Alinipandisha kwenye mzani, mzani ukaguna,
akasema, "Mama Shufaa, mwili wako ni tajiri bahili.
Unaweka akiba tangu uzazi wa kwanza.
Ukiunyima wanga na sukari
utalazimika kuvunja kibubu."
Nikacheka.
Nilisahau kibubu huvunjwa kwa nyundo.

Wiki ya kwanza kichwa kilitwangwa kama kisamvu.
Nikanywa maji ya chumvi, nikalilia ndizi.
Ndizi! Mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu wawili.
Mdomo ukanuka embe lililovunda,
Chande akageukia ukutani, akasingizia feni.

Basi nala mayai, na bei ya yai mnaijua.
Nala mchicha uliozama kwenye nazi, nala utumbo,
parachichi, changu wa kukaanga asiye na mwenzake,
sahani nusu nzima tupu
kama chumba alichohama mpangaji.
Tumbo limenyamaza, sidanganyi, limeshiba.
Mkono ndio bado unatafuta tonge.
Hakuna aliyenionya kwamba tonge ni la mkono
kabla halijawa la tumbo.

Kwenye hitima ya mkwewe Siwema
niliokota nyama ndani ya pilau,
nikaipangusa punje kwa punje
kama mtu anayemtoa mtoto chawa.
Walinyamaza kwanza. Kisha wakanong'ona.
Huku kwetu anayenona ameolewa vizuri,
anayekonda ana siri.
"Anaumwa." "Wapi, mumewe ana mtu Tabata."
"Nasikia yuko kwenye dawa."
Nikainua fupa, nikafyonza uboho hadharani,
waone ni mgonjwa gani anakula hivi.

Kilo tisa zimeondoka bila kuaga.
Pete ya ndoa nimeizungushia uzi isidondoke.
Ndoo ya maji, iliyokuwa ikinikalisha njiani mara mbili,
sasa naifikisha nikiwa bado nasengenya.
Shepu hii sijaizoea. Usiku najipapasa
kama ninayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu.

Ila vitumbua.
Kibwana wa bodaboda alirudisha kimoja juzi,
kimeng'atwa mara moja tu.
Hakudai hela. Alikiweka juu ya meza, taratibu:
"Mama, hiki hakina mwenyewe."

Hakina mwenyewe.
Nimeunguzwa na mafuta miaka kumi na sita,
sijawahi kuungua hivyo.

Sasa namwamsha mjukuu wangu, Mgeni,
miaka saba, mapengo mawili mbele.
Namtia kijiko kinywani kabla hajafumbua macho.
Anaonja. Anakunja uso. Anafikiri kama hakimu.
"Iliki nyingi, bibi. Sukari bado."
Naongeza sukari nisiyoijua.
"Hapo?"
"Bado kidogo."
"Hapo?"

Amesharudi usingizini,
tone jeupe likimteremka pembeni mwa mdomo.
Nalidaka kwa kidole lisifike kwenye mto.
Tui ni halali yangu, mchele ni wenu,
lakini humu vimeshaoana, nani atawaachanisha?
Kikaango kinafuka.
Nje mteja wa kwanza anakohoa,
anagonga meza kwa sarafu,
na mimi nimesimama, kidole hewani.