Mfongo Haumo Ramanini

Jumamosi, saa moja, Mwalimu Aikande
alitupanga ukingoni mwa mto, Kibosho juu,
na futi kamba, na chupa tupu tatu,
na kipima mwinamo tulichojiundia:
kipimapembe, uzi, nati ya baiskeli.
"Leo," akasema, "jiografia haina dawati."

Ramani ilikuwa moja, sisi arobaini na mmoja.
Tukaiinamia kama mgonjwa.
Kontua zimebanana pale mlima unapokaza,
zimelegea kule chini, kwenye miwa.
Skeli: moja kwa elfu hamsini.
Nikaitafuta nyumba ya bibi.
Ncha ya penseli ilitosha kuifunika,
yeye, ng'ombe wawili, migomba,
na deni la sukari dukani.

Mto ulikuwemo, buluu.
Barabara ilikuwemo, nyekundu.
Mfongo haukuwemo.
Ule unaochepuka chini ya jiwe jeusi,
ukambaa ubavuni mwa genge,
ukapita nyuma ya vyoo vya shule
ukaingia vihambani kimya kimya
kama mgeni anayejua sufuria zilipo.
"Basi uchoreni nyinyi," Mwalimu akasema.

Tukaufuata. Matope hadi vifundoni.
Kila mita mia unashuka nusu mita, haizidi.
Ndetaramo alirudia hesabu mara tatu,
maana jana tu darasa zima lilishindwa
kuchora mstari ulionyooka kwa rula.
"Waliochimba walikuwa na chombo gani?"

Aliyekuwapo wa kumuuliza ni Mama Ndeanasia,
katibu wa mfongo, jembe begani,
daftari la zamu ndani ya mfuko wa rambo.
"Walimwaga maji, wakayafuata na jembe,"
akajibu bila kuinua kichwa.
Alikuwa anatafuta nyayo.
Usiku, mtu alikuwa amezibua ukingo.

Nililisoma daftari lake begani kwake:
Jumanne alfajiri, kwa kina Kiwelu.
Alhamisi, jogoo la kwanza
mpaka jua liguse mibuni, bibi yangu.
Ijumaa, mjane wa Temba, hata kama amelala, aamshwe.
Hapo nikaona ramani nyingine,
isiyo na rangi, yenye majina na saa,
na skeli yake moja kwa moja.

Halafu nikaliona tundu.
Majani ya mgomba yamesokotwa, yamesukumwa pembeni,
na mkondo mwembamba, bado unang'aa,
umekanyaga isale la mpakani,
umeteremka, umekata kushoto,
umeishia kwenye nyanya za baba mdogo.

Nyanya zetu.

Mwalimu alikuwa amefundisha:
buluu ni maji, kijani msitu, kahawia ni miinuko.
Hakufundisha penseli ya rangi gani
huchora maji ya wizi.
Futi kamba ikanitoka mkononi.
Ndetaramo aliniangalia, akaangalia nyanya,
akaanza kuhesabu mawe ambayo hatukuagizwa kuhesabu.

Nilichora.
Tundu, mkondo, nyanya, vyote kwa vipimo:
sentimita ishirini na mbili upana,
mita kumi na tisa urefu.
Kwenye ufunguo wa ramani niliacha mraba mmoja mtupu.

Jioni baba mdogo aliiona karatasi mezani,
chini ya kikombe changu cha uji.
Aliitazama muda mrefu kuliko anavyotazama barua ya benki.
"Hapa pako mbali zaidi," akasema,
akakisogeza kidole chake kidogo.
Kisha akatoka, akakata jani la isale,
akalishika kwa mikono miwili
akapanda njia ya kwa mjane wa Temba.
Iliyoibwa ilikuwa zamu yake.

Jumatatu nilipata kumi na saba kwa ishirini.
Wino mwekundu uliuliza: "Kaskazini iko wapi?"
Nilikuwa nimeandika, pembeni, *juu*.
Kwetu hivyo ndivyo tusemavyo.
Lakini Ndeshi, aliyehamia kutoka Rombo,
naye aliandika *juu*, na kwao
juu ni jua linakozama.
Mwalimu akatusimamisha wote wawili,
akacheka, akatoka nje kuutazama mlima.
Siku hiyo ulikuwa umejifunika.