Wageni Sita, Mwenyeji Mmoja

Chini ya jengo lililokuwa kiwanda cha magunia,
mjini Dundee, Februari, saa nane za usiku,
nimekaa na koti langu mbele ya seva ya chuo
yenye gigabaiti sitini na nne za kumbukumbu.
Nimezihesabu tena,
kama mtu anayehesabu vijiko vya sukari tarehe ishirini na nane.

Ndani yake wamelala wageni sita.
Tunawaita mashine pepe.
Kwetu pepe ni mpunga usio na punje,
lakini hawa wanakula.
Mishahara anataka kumi na sita.
Barua naye kumi na sita.
Maktaba kumi na mbili, na usiku huu hasomi mtu.
Picha za meno, kumi na sita, na bado ananung'unika.
Milango, anayefunga na kufungua madarasa,
ana nne tu na hajawahi kusema neno.
Wa sita hana jina. Aliyemwanzisha alistaafu zamani,
akamwachia kumi na sita.
Jumlisha mwenyewe: themanini.

Kila mmoja anajiona yu peke yake nyumbani,
hasikii mwenziwe akikohoa nyuma ya ukuta.
"Si wizi," Rhona aliniambia wiki yangu ya kwanza,
akiipuliza chai yake. "Hawashikwi njaa saa moja."

Nikacheka. Hesabu hiyo niliijua kabla ya kompyuta.
Mimi ndiye mshika daftari wa mfuko wetu wa shida,
wanawake kumi na mmoja, Lochee hadi Hilltown,
na kila mmoja nimemwambia, macho makavu:
ukifikwa, pauni mia sita zako zipo.
Zilizopo ni elfu moja na mia nane.

Miaka mitatu ilitosha.
Kisha Novemba, wiki moja, simu nne.
Tunu kafungiwa nyumba. Nasra, mtoto hospitali.
Mwanahawa, wakili. Kibibi, mama yake.

Mashine zikibanwa hivyo, tunapuliza puto.
Unaliweka chumbani kwa mgeni aliyeshiba,
linavimba polepole, anaona nafasi imepungua,
anatupa asichokitumia,
nawe unakipitisha chini ya mlango kwa mwenye njaa.
Nilipuliza. Nilimpigia Zawena:
lile zulia, dada, haliwezi kungoja Machi?
Likangoja. Puto likafika dari.

Lisipotosha, kuna ghala la diski.
Huko hakipotei kitu,
ila kilichokuwa mkononi unakiandikia barua,
na unangoja jibu.

Kibibi nilimweka ghalani.
Fedha zake zilitoka siku ya tisa.
Mama alikuwa amezikwa siku ya pili.
Aliniandikia "Asante," na nukta mwishoni.
Yeye ambaye hajawahi kuweka nukta popote.

Basi usiku huu sipulizi ovyo.
Nne za Milango nimezitia kufuli, asiziguse yeyote,
kwa sababu mnyamavu ndiye tunayemnyang'anya kwanza.
Asiye na jina nimempunguzia nane;
hakushtuka. Labda hakuna aliyekumbuka
alichokuwa akikitunza. Nimeiweka simu karibu
iwapo mzee fulani ataamka kule Broughty Ferry
akakitafuta.
Maktaba nimemwachia zake. Jumatatu saa tatu asubuhi
watafurika wote, na mitihani ni wiki ijayo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee.
Hawakutaja wageni wangapi.

Kumbukumbu mpya tuliyoagiza imekataliwa hadi Aprili.
Kabla sijavua miwani, fomu imeingia:
idara ya muziki inaomba mashine ya saba,
ndogo tu, wanasema, kumi na sita.

Vidole vimekaa juu ya vibonye kitambo.
Nimeandika: Karibu.
Kisha nikaifuta nukta.