Matumizi ya Mnyama

Kwenye fomu yangu pana mahali pameandikwa: Matumizi.
Maziwa. Nyama. Mayai. Ulinzi.
Bi Eufrasia Mhando ameishika kalamu
kama mtu aliyeombwa kutaja umri wake.

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
baada ya alasiri, mlango wa uani:
ndivyo tulivyoafikiana, maana benchi la mbele
lina mwenye paka, lina mwenye kuku wa kideri,
lina Mzee Kombo aliyenieleza bila kupepesa:
"Akipita yule hapa, mbuzi wangu namrudisha."

Akapita nyuma. Jina lake Kadogo.
Muuzaji wa Muheza aliapa hatakua.
Nikampima kifua kwa utepe wa fundi Shekue, jirani,
nikapiga hesabu mara mbili:
kilo themanini na saba za kiapo cha Muheza.
(Utepe sikuurudisha. Nilimnunulia mpya,
wala sikusema kwa nini.)

Kwato zimepinda kama visigino vya viatu vya kurithi.
Anatembea kwa kuomba radhi.
Namkuna tumbo; analala ubavu mwenyewe,
bila kamba, akiguna
kama anayesikiliza kesi isiyomhusu.
Nakata kidogo, kidogo tena. Koleo linalia ka!
Jicho moja linafumbuka, kope nyeupe, ndefu,
linanikagua mimi.

"Unampa nini?"
"Wali. Tui kidogo. Chapati, Jumapili."
"Na Jumatatu?"
Kimya.
"Chapati zilizobaki."

Chuoni, miaka mitano, tulifundishwa nguruwe
kwa kilo, kwa siku za kunenepa, kwa bei.
Hapakuwa na sura ya nguruwe wa miaka tisa
mwenye baridi yabisi na blanketi lake.
Dozi ya maumivu nikampigia mwenzangu wa Lushoto.
Alicheka kwanza. Kisha akauliza, taratibu,
"Usiku analala?"

Halafu ndoo pembeni, na kopo la udongo.
Mara saba, moja ya udongo,
kama nilivyolelewa.
Bi Eufrasia anaitazama mikono yangu;
namtazama yeye, asije akachukia.
"Oga tu, daktari. Hata mie
akitoka kwenye tope simkumbatii."

Fomu ameiacha mezani.
Kwenye Matumizi ameandika, akafuta, akaandika:
Hunisikia nikifungua geti.
Chini yake nikaongeza, kwa wino wangu:
Chapati marufuku.