Sinia

Kishosha alikuwa na studio, ndiyo,
yenye pazia lililochorwa ndege ya abiria
na ngazi isiyomfikisha mtu popote.
Lakini fundi Lameki wa Makoroboi aligoma:
gauni hili si la kupigwa ndani,
linataka upepo, linataka mawe.
Basi tukaenda Kapripointi, Jumapili, watu wako kanisani:
Kishosha na kamera yake ya kifuani,
fundi na pini mdomoni,
Kwandu, karani wa mizani ya pamba,
na mimi, miaka tisa, nimebeba sinia la mama.

"Shika jua," Kishosha akaniambia,
"ummwagie shavuni. Machoni usithubutu."
Sinia lilinuka dagaa wa jana.
Nikalikosa jua, nikalitafuta, nikalipata,
shavu la Kwandu likaiva ghafla kama papai.

Walioiona picha hawakujua.
Kitambaa cha Mwatex, maua makubwa ya rangi ya chungwa,
mgongoni hakikutosha:
kilishikwa na pini, na vibanio viwili vya kuanikia.
Raizoni zilikuwa za dada yake Lameki,
namba nane, zimeshindiliwa gazeti vidoleni.
Na ndani ya upindo fundi alipitisha uzi wa kuvuta,
gauni lishuke hadi chini ya magoti
endapo vijana wa chama wangetokea na rula yao.

Filamu ilikuwa ya picha kumi na mbili.
Nane alisimama kama anayesubiri mshahara.
Ya tisa, meli ya Bukoba ikapiga honi, akageuka.
Ya kumi, wingu la visubi likapanda kutoka ziwani,
akatema mmoja, akacheka, pini zikaachia,
akashika kifua kwa mkono mmoja
na mwamba kwa mkono wa pili.
"Hapo hapo!" Kishosha akapiga kelele,
sauti ambayo kule studio sikuwahi kuisikia.

Ya kumi na mbili hatukuipiga.
Vijana walikuwa wanapanda.
Lameki akavuta uzi.

Ile ya kumi ilikaa ukutani kwa fundi
miaka, mpaka ikapauka rangi ya chai.
Wanawake waliingia: nishonee ile ya jiweni.
Walishonewa, wakalipa, wakarudi kulalamika
kwamba kwao haicheki.
Kona ya chini Lameki aliikata kwa mkasi wa nguo.
Palikuwa na kiwiko changu.

Jioni ile mama alichambua mchele,
akaligeuza sinia, akaligeuza tena,
akauliza nani amelikwaruza hivi.
Nikasema: jua.